Pua ya Lukwambe

Mfuko wa kaya namba 3117 ulimwagwa kwenye mkanda saa mbili na robo asubuhi. Chupa tatu za kwanza zilipita salama. Ya nne ikawasha taa ya manjano.

Semeni Kobelo aliinua macho bila haraka. Alikuwa msomaji mkuu wa kiwanda cha chupa cha Lukwambe, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mpole wa maneno, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa mbele ya kioo kile kile. Taa iliyoweza kumtoa kitini ilikuwa nyekundu. Nyekundu maana yake chupa ilitiwa mafuta ya taa, au petroli, au dawa ya kupulizia nyanya. Na plastiki hunywa. Ukiweka dawa ndani ya chupa kwa juma moja, ukuta wa chupa huinywa, na hata uisugue kwa mchanga, dawa hubaki mle ndani. Chupa moja ya namna hiyo ikipenya hadi kwenye tangi la kuyeyushia, chupa mpya elfu nzima zinaharibika. Na chupa mpya za Lukwambe ndizo zilizobeba maji, maziwa na dawa za watoto wa wilaya nzima. Hakukuwa na nyingine. Plastiki mpya ilikuwa imepigwa marufuku miaka kumi na minne iliyopita, kwa hiyo zilikuwa hizi hizi, zikisagwa na kuzaliwa upya.

Kazi ya kuzichuja ilikuwa ya Pua. Ilikuwa mrija mweusi ulioning'inia juu ya mkanda, ukivuta pumzi ya kila chupa iliyopita chini yake. Walioitengeneza waligundua mapema kwamba haiwezi kutofautisha sumu na mate mpaka iyajue mate. Na haiwezi kuyajua mate mpaka inuse ya wazima na ya wagonjwa. Wakaifundisha yote. Nyekundu ikawa sumu, na manjano ikawa kinywa cha mtu mwenye ugonjwa.

Kwa manjano, kioo hakikutaja ugonjwa. Kilionyesha namba, nguvu ya harufu, na kitufe kimoja kilichoandikwa PUUZA. Msomaji akikibonyeza, chupa inaendelea na safari yake: inasagwa, vipande vinaoshwa kwa magadi makali na maji ya moto, vinapikwa kutwa nzima ndani ya tangi lisilo na hewa mpaka kila chembe ya mate iishe, ingawa dawa na petroli hazitoki kwa joto hilo, kisha vinayeyushwa na kukatwa punje nyeupe mfano wa mchele. Kinywa cha mtu, kiwe kizima kiwe kigonjwa, hakifiki kwenye punje zile. Hakimdhuru anayefuata. Ndiyo maana kinapuuzwa, na ndiyo maana kila msomaji aliapa mbele ya hakimu kwamba alichokiona kwenye manjano hatakitamka kwa mtu yeyote.

Namba ilikuwa 64. Nguvu, thelathini na moja.

Wiki iliyopita kaya hiyo hiyo ilikuwa ishirini na nane. Wiki ya kabla yake, ishirini na tano. Semeni alirudi nyuma kichwani mpaka wiki taa ilipowaka mara ya kwanza, akahesabu wiki saba.

Wasomaji wengine waliijua 64 kama namba. Yeye aliijua kama wodi. Wakati Pua inafundishwa, ndiye aliyekuwa akibeba chupa za wagonjwa kutoka hospitali ya mkoa, ndani ya sanduku la barafu, zikiwa na vikaratasi vya namba tu. Alikuwa akiwaona waliozinywea. Wa 64 walikuwa watu wenye uvimbe wa koo. Walioanza na ishirini, wengi wao alikuja kukutana nao sokoni baadaye. Waliofika sitini hawakumpa chupa ya pili.

Alibonyeza PUUZA. Kisha akafanya jambo ambalo sheria iliruhusu kwa taa nyekundu pekee: akafungua daftari la kaya.

Kaya 3117, kata ya Magengeni. Mkazi mmoja. Mwanne Mloka, miaka sitini na miwili.

"Dada Semeni, uji wako unapoa," Ndimbo alimwita kutoka mlangoni. Alikuwa msimamizi wa sehemu ya kuoshea, mtu mrefu mwenye mikono iliyobabuka kwa magadi, na kila asubuhi walikunywa uji pamoja.

"Nakuja," alisema Semeni, akalifunga daftari.

*

Lukwambe nzima ilimfahamu Bi. Mwanne Mloka. Alipika togwa, na togwa yake iliwahi kuingia hadi kwenye karamu ya mkuu wa mkoa. Alikuwa pia mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa Magengeni, na kwa mwaka mzima alikuwa akiuliza kwenye kila kikao swali ambalo kiwanda hakikupenda kulisikia. Jumamosi ile kiwanda kilimtuma Semeni kwenda kulijibu.

Ukumbi wa kata ulijaa. Bi. Mwanne alisimama, kanga ya pili imefungwa kiunoni.

"Nina swali moja, nalo ni dogo," alisema. "Hiyo Pua yenu inanusa chupa, au inatunusa sisi?"

Semeni alikuwa na jibu lililoandikwa. "Pua inatafuta sumu, mama. Kitu kisicho sumu haikitunzi."

"Sikuuliza inatunza nini. Nimeuliza inajua nini."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Bi. Mwanne alitaka kuongeza neno, sauti ikakwama na kutoka kama mlango usiotiwa mafuta. Akachukua chupa yake ya maji, akanywa funda moja, akalimeza polepole huku amefumba macho, kama mtu anayemeza mfupa.

Semeni alitazama chini.

"Imetengenezwa kutafuta sumu, mama," alirudia.

Kikao kiliamua kwamba baada ya wiki tatu kata itapiga kura: kuendelea kupeleka chupa kiwandani, au kuacha. Kata nyingine saba zilisema zitafuata kura ya Magengeni.

*

Mhandisi Kasiani Ngonyani, meneja wa kiwanda, alimsikiliza Semeni mpaka mwisho. Hakumkaripia kwa kulifungua daftari. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Kiapo hiki sikukiandika mimi wala wewe," alisema. "Kiliandikwa Mbwelani."

Semeni alijua. Kila aliyefanya kazi pale alijua. Katika mwaka wa kwanza, msomaji mmoja alimnong'oneza rafiki yake juu ya chupa ya mwalimu wa kata ya Mbwelani, kwamba ilionyesha kifua kikuu. Haikupita wiki, wazazi wakawatoa watoto darasani, na mwalimu akahama bila kuaga. Hilo lenyewe lilikuwa baya, lakini baya zaidi lilikuja nyuma yake. Watu wa Mbwelani waliacha kupeleka chupa. Walizichoma, wakazifukia. Zilipowaishia, walichukua magudulia ya dawa ya pamba, wakayaosha kwa majivu, wakachotea maji. Walizika watoto tisa.

"Wa nne kuzikwa alikuwa mtoto wa dada yangu," alisema Ngonyani. "Alikuwa anaitwa kwa jina la mama yangu. Ukimwambia yule bibi, utamponya mmoja. Pengine. Atasimama kwenye mkutano na kusema, mnaona, nilisema. Na hapo atakuwa amesema kweli. Kata nane zitaacha. Wewe niambie, nitazika wangapi?"

"Na nisipomwambia?"

"Hospitali ipo, Semeni."

"Hospitali haiwezi kumwita mtu isiyemjua kuwa anaumwa."

Ngonyani aliivaa tena miwani. Hakuwa mtu mbaya. Semeni alipokuja kusimulia mambo haya baadaye alikuwa akilirudia hilo kila mara. Mwishowe meneja alisema, "Tulete madaktari. Wapime makoo ya kata nzima. Naye atakuwa mmoja wao, na hakuna atakayekuwa amesema neno."

Hema lilisimikwa kwenye uwanja wa shule ya msingi kwa siku mbili. Walikuja watu mia tatu na arobaini. Semeni alikaa mezani akigawa namba, na kila kanga iliyotokea kwenye kona ya barabara ilimfanya ainue shingo. Siku ya pili, saa sita mchana, Bi. Mwanne alipita na ndoo ya togwa kichwani. Alisimama, akasoma bango lililosema huduma imeletwa na kiwanda cha chupa.

"Mama, karibu upimwe," aliita Semeni. "Ni dakika tano tu."

Bi. Mwanne alicheka kicheko kikavu. "Chupa zangu mnazo. Sasa mmetaka na koo?" Akaendelea na safari yake.

Semeni alibaki ameshika karatasi ya namba iliyokuwa tayari kwa ajili yake. Alielewa kwamba yule bibi hakuwa na kiburi. Alikuwa amedanganywa, akahisi kwamba amedanganywa, na sasa hata mkono wa msaada ulipomfikia aliuona kuwa ni mkono ule ule.

Wiki ya tisa, kaya 3117 ilisoma thelathini na nane.

*

Alikwenda Jumanne asubuhi. Kiwandani aliaga kwamba ana mgonjwa, na njiani akagundua kwamba huo ulikuwa ukweli wake wa kwanza kwa muda mrefu.

Bi. Mwanne alikuwa uani, anakoroga uji wa mahindi kwenye sufuria kubwa. Kando yake ungo wa kimea cha ulezi ulisubiri uji upoe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa. Wakijua nimekuja nitafukuzwa."

"Basi kaa." Alimsogezea kigoda kwa mguu bila kuacha kukoroga.

Semeni alikaa. Njia nzima alikuwa amejifunza maneno laini, lakini pale mbele ya moshi yote yalimpotea. "Mama, koo lako linaumwa. Si mafua wala si vumbi. Ni uvimbe, nao unakua. Nenda hospitali ya mkoa wiki hii. Ukienda sasa unatibika. Usingoje."

"Nani kakwambia?"

"Chupa zako."

Mwiko ulisimama.

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tisa."

Bi. Mwanne alihesabu kimya. Midomo yake ilicheza. "Siku ile ukumbini. Nilipokuuliza."

"Nilikuwa najua."

"Ukanitazama usoni ukanijibu vile."

"Sikukutazama, mama. Nilitazama chini."

"Hilo kweli," alisema Bi. Mwanne. "Nililiona." Akaanza tena kukoroga, kwa nguvu, uji ukawa unaruka na kudondokea kwenye majivu. Semeni alingoja matusi. Angeyapokea. "Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huo msemo ni wa anayeficha maradhi yake. Anayeficha ya mwenzake, wahenga hawakumtungia. Hawakufikiri angeweza kuwapo."

"Niliapa, mama. Kule Mbwelani..."

"Najua ya Mbwelani. Nilikwenda kuzika." Alipozungumza kwa ukali sauti ilimkatika, akaisubiri irudi. "Mimi sina hasira na ugonjwa. Kila mtu ana wake. Nina hasira na zile wiki tisa. Zilikuwa zangu. Ningekuwa nimeamua la kufanya nazo." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anayeuliza bei: "Wangapi wengine?"

Semeni hakuelewa mara moja.

"Mimi umenijia. Wangapi hukuwajia?"

Katika miaka kumi na mmoja Semeni hakuwahi kujiuliza swali hilo. Alikuwa amejifunza kubonyeza kile kitufe kama mtu anavyopepesa macho. Sasa, juu ya kigoda, taa zile zilianza kumrudia, si namba tena bali mifuko: mfuko wa nailoni wenye maua, mfuko wa mbolea uliokatwa, na mfuko wa turubai ambao Ndimbo alikuwa akiuleta mwenyewe nyuma ya baiskeli. Chupa za mkewe Tausi. Namba 52, ini, miaka miwili iliyopita. Alibonyeza PUUZA, akatoka, akaenda kunywa uji na Ndimbo. Siku ile Ndimbo alisimulia jambo la kuchekesha juu ya mbuzi wa jirani, naye alicheka.

"Sijui ni wangapi," alisema. "Mmoja namjua kwa jina. Ameshazikwa."

Bi. Mwanne aliitua sufuria, akaifunika.

"Mimi nitakwenda hospitali," alisema. "Hilo ni langu. Mkutano wa kura wa Jumamosi ni wako. Nikisimama mimi, watasema mgomvi wa kiwanda kapata la kusema. Utasimama wewe."

"Mama, wakiacha kupeleka chupa..."

"Nimesikia. Nakwambia tena sitakusemea. Ukinyamaza, nitanyamaza, na tutakuwa wawili tunaojua." Alimtazama moja kwa moja. "Na huyo uliyemtaja, kama ana wa kwake aliyebaki, mwambie kabla hujauambia ukumbi. Asilisikie pamoja na wapita njia."

*

Alimwambia Ndimbo siku ya Ijumaa, kwenye sehemu ya kuoshea. Mvuke ulikuwa mzito na mapipa yalikuwa yakizunguka kwa kishindo. Ilimbidi aseme kwa sauti kubwa, maneno ambayo yangefaa kunong'onwa.

Semeni alipomaliza, Ndimbo aliuliza, "Ilikuwa mwezi gani?"

"Machi."

"Tulimzika Novemba." Alikunja vidole vyake vilivyobabuka, kimoja kimoja. "Miezi minane. Mpaka Agosti alikuwa analima, dada Semeni. Hospitali walisema tungewahi kidogo." Kipimo cha joto kililia. Ndimbo aligeuka, akafunga bomba la mvuke, akaandika nyuzi tisini na mbili kwenye ubao kwa mwandiko wake mzuri wa siku zote. Kisha akaiweka chaki chini.

"Ungenambia kwa ishara," alisema. "Ungesema tu, Ndimbo, mpeleke mkeo akapimwe. Nisingekuuliza umejuaje."

Hilo lilikuwa kweli, na halikuwahi kumpitia Semeni akilini. Kiapo kilikuwa kimemfundisha kutosema. Kutofikiri alijifunza mwenyewe.

"Kesho nitakuja mkutanoni," alisema Ndimbo. "Nitakaa upande gani, sijui." Hakuja tena kumwita kwenye uji.

*

Alichosema Semeni ukumbini kilichukua muda mfupi. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema kwamba Pua inajua vinywa vya watu, kwamba imejua tangu siku ya kwanza, kwamba haiweki kumbukumbu lakini msomaji anayo macho. Alisema wiki tatu zilizopita aliulizwa hapo hapo na akadanganya. Hakumtaja mgonjwa yeyote. Bi. Mwanne alikaa safu ya mbele, koo limefungwa mtandio, hakutikisika.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akapiga ukelele, "Mtoto wangu je?" na ukumbi ukalipuka. Watu walitaja majina ya marehemu wao. Kiti kilivunjika. Mhandisi Ngonyani alisimama, akajaribu kuzungumzia Mbwelani, wakamzomea; akaendelea kuzungumza ingawa hakuna aliyemsikia, machozi yakimtoka.

Aliyefanikiwa kuwatuliza ni Ndimbo. Alipanda juu ya benchi, na kwa kuwa wengi walikuwa wamemzikia mke, walimnyamazia.

"Mimi nimefiwa, na sikuambiwa," alisema. "Nimejua jana. Kwa hiyo msinifundishe hasira. Lakini mimi ndiye naosha hizo chupa, na mnachokipeleka mle nakijua. Kama mnataka kuichukia Pua, ichukieni. Msichote maji kwenye gudulia la dawa. Hilo tu."

Kura ilikuwa mia mbili na kumi na moja kwa mia moja sitini na nne. Magengeni iliacha kupeleka chupa. Jumatatu Semeni alifukuzwa kazi na kupewa hati ya kuitwa mahakamani kwa kuvunja kiapo. Kufikia Alhamisi kata zile saba zilikuwa zimeacha pia, na matangi ya kuyeyushia yalizimwa moja baada ya jingine.

Zilifuata wiki sita ambazo Semeni hakupenda kuzisimulia. Alikaa nyumbani, na kila mtoto aliyelia mtaani alimfanya atoke mlangoni kusikiliza ni kilio cha namna gani. Alikuwa amemchagua mtu mmoja aliyemjua sura, dhidi ya watoto asiowajua, na hakuna aliyeweza kumwambia kama hesabu hiyo ilikuwa halali. Bi. Mwanne alilazwa, akapasuliwa. Siku mbili baada ya upasuaji, kabla hajaruhusiwa kusema, aliandika barua kwa umoja wa wanawake: wapite nyumba kwa nyumba, wakague kila chombo cha maji, na gudulia lolote la dawa litobolewe kwa msumari mbele ya mwenyewe. Walipita. Walitoboa magudulia mia nne na zaidi. Mbwelani watoto wawili waliugua kwa maji ya gudulia, wakapona.

Hakuna aliyekufa. Semeni hakuwahi kujidai kwamba alilijua hilo mapema. "Ilikuwa bahati, na miguu ya wanawake," alisema kila alipoulizwa.

Wiki ya saba kata zote nane zilikaa na kiwanda. Walitaka kitufe kiondolewe. Mafundi waliwaeleza kwamba kitufe kinaweza kuondolewa, lakini kujua hakuondoki. Mabishano yalichukua siku nne. Mwishowe kiwanda kilitoboa dirisha kwenye ukuta wa mbele: yeyote anayetaka kujua alete chupa yake mwenyewe, asomewe yeye peke yake, aambiwe na muuguzi. Asiyetaka, chupa yake inapita bila kusomwa na jicho la mtu. Chupa zilianza kurudi, kidogo kidogo, zaidi kutoka kwa wasiotaka.

Siku dirisha lilipofunguliwa, Semeni alikwenda kutazama. Watu walikuwa wengi ng'ambo ya barabara, wamesimama vikundi vikundi, na dirishani hapakuwa na mtu. Muuguzi, binti mwenye koti jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, alikuwa akipangapanga kalamu zake. Saa tatu ikapita, kisha saa nne.

Semeni alikuwa na chupa ya maji mkononi. Aliitazama. Katika miaka kumi na mmoja hakuwahi kupitisha chupa yake chini ya Pua. Wasomaji walipeleka zao kiwanda kingine, na yeye alikuwa akishukuru kwa hilo bila kujiuliza sababu. Akavuka barabara.

"Habari za asubuhi, mama," alisema muuguzi. "Ni yako mwenyewe? Na unataka kuambiwa chochote kitakachoonekana?"

Lilikuwa swali la kawaida, limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa pale. Semeni aliisoma mpaka mwisho. Alifikiri juu ya mama yake aliyekufa kwa tumbo, juu ya kikohozi chake cha Januari. Angeweza kusema hapana na kuondoka, hakuna aliyemlazimisha.

"Nataka," alisema.

Binti aliiweka chupa ndani. Mrija ukashuka. Mara ngapi Semeni alikuwa ameona upande wa pili wa jambo hili, ambako lilikuwa kufumba na kufumbua? Upande huu lilikuwa refu. Alisikia feni ikivuta. Alimwona binti akisoma kioo, na akautafuta uso wake kwa uroho, kwenye nyusi, kwenye pembe za mdomo.

"Safi, mama. Hakuna kitu."

Semeni alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, akasimama pale akivuta pumzi, akimfikiria Tausi, mke wa Ndimbo, ambaye hata kuogopa hakupewa nafasi.

Kiganja kilimgusa bega. Aligeuka. Bi. Mwanne Mloka alikuwa nyuma yake, amekonda, kovu jekundu limekatiza shingo yake juu ya mtandio, chupa kwapani. Nyuma yake walikuwa watu wanne, na wa tano alikuwa anavuka barabara akitazama huku na huku. Sauti ya yule bibi ilikuwa imebaki pumzi tu, lakini ilisikika.

"Sogea basi," alisema. "Wengine tunasubiri."